Blanketi la Sekela

Alfajiri ile blanketi la Sekela liliamka kabla yetu. Nilihisi kwanza joto lake likitambaa miguuni, kisha mwanga ukanipita kwenye kope kabla sijazifumbua, mwanga mwororo, kama wa mwezi uliolowekwa kwenye maziwa. Nikadhani naota. Siku zile nilikuwa naota sana, ndoto ndefu za maji na ngazi, nikiamka nimechoka kama mtu aliyelima.

Nikafumbua macho. Blanketi lilikuwa bluu.

Bluu ilikuwa imeanzia kwenye pindo, pale lilipofumwa jina la Sekela, ikapanda taratibu kama chai inavyopanda kwenye kipande cha mkate, mpaka ikafika kifuani kwa mtoto. Mwenyewe alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mkono wake mmoja shingoni kwangu. Alikohoa kidogo, akageuka, akaendelea na usingizi wake.

Niliitazama ile rangi. Ni rangi nzuri, hilo lazima niseme. Ukiiona kwa mara ya kwanza unaweza kutaka kuinywa. Lakini kijijini kwetu, mgongoni mwa mlima Rungwe, hata mtoto anayeanza kutambaa anazijua rangi za blanketi. Njano ni tumbo. Bluu ni kifua. Ukiwa njano unakunywa maji ya moto na watu wanakucheka. Ukiwa bluu unapandishwa Nyumba ya Juu, pale ukungu unapoanzia, ukalale na wenzako wanaokohoa, mpaka blanketi liseme umepona.

Ugonjwa wenyewe tuliuita Mgeni, maana uliingia kwa watu bila hodi. Wazee huwakalia polepole, siku nyingi, kama mgeni asiyetaka kuaga. Vichanga hauwasubiri, huwachukua upesi.

Na chumba cha pili, nyuma ya ukuta huu huu, alikuwa amelala kichanga. Mkwe wangu Atupele alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, ndiyo maana Sekela akahamia kwangu. Kwetu ni hivyo tangu zamani: mdogo akizaliwa, mkubwa anahamia kitanda cha bibi. Hakuna anayemwambia. Anabeba mwenyewe doli lake la majani ya mgomba, anakuja, anapanda, anakusukuma umpishe.

"Bibi," akasema sasa, bila kufumbua macho. "Panauma."

"Wapi?"

"Hapa."

"Hapa ni kifuani au tumboni?"

"Hapa kwangu."

Akaweka kidole pale mbavu zinapoachana, mahali ambapo kifua kinakwisha na tumbo halijaanza. Basi nikajua siku itakuwa ndefu.

*

Kukimbia kusingesaidia. Habari ya bluu haingoji mtu aipeleke. Nyuzi za blanketi ni mizizi ya uyoga, iliyokuzwa gizani kwenye jengo la zamani la kukaushia chai, ikafundishwa kusikiliza. Inakunywa jasho lako, inazipima pumzi zako, inahisi moto wa mwili wako, na asubuhi unaianika juani ishibe. Ikisikia jambo inaunong'oneza uzi wa dirishani, uzi wa dirishani unaunong'oneza uzi wa nguzo, na kabla hujachemsha chai ofisi ya afya ya kata wanajua. Nilipokwenda kufungua dirisha, uzi wetu ulikuwa tayari unatetemeka.

Lakini blanketi haliamui peke yake. Mwaka wa kwanza liliamua. Watu waliokuwa na kiungulia tu, au gesi, walipandishwa kwenda kulala katikati ya wagonjwa, wakamkuta Mgeni huko huko, wengine wasishuke tena. Babu yake Sekela alipanda mwaka ule. Hata leo sijui alipanda na nini. Najua tu kwamba hakushuka. Ndipo mkutano wa kijiji ukasema: blanketi liseme, na mtu wa kitanda kile athibitishe. Tukachagua mashahidi, kila kitanda na wake. Shahidi wa Sekela ni mimi, Subilaga. Bibi wa afya akija ataniuliza swali moja tu, tumbo au kifua, nami nitaweka kidole gumba kwenye pindo na kujibu. Nikisema kifua, mtoto anapanda. Nikisema tumbo, anabaki, na kama nimekosea, kile kichanga nyuma ya ukuta ndicho kitakachonionyesha kosa langu.

Nikamkalisha Sekela kitandani, miguu ikining'inia.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega."

"Nina ngoma haipigwi na mtu. Nikishakula inalia yenyewe."

"Tumbo. Bibi, hicho ni cha watoto wadogo."

"Haya, mwanamke mzima. Nitegee wewe cha wakubwa, kirefu."

Akanitegea kimoja kirefu kweli, cha mzee mwenye kofia ya kijani na mashati mengi meupe, mashati juu ya mashati, ukimvua yote humkuti mzee. Kitunguu. Jibu nililijua tangu mwanzo, sikulisema. Nilikuwa nasikiliza pumzi. Mtu aliyekaliwa na Mgeni hawezi kufika mwisho wa sentensi bila kuivunja, anaimega kama mtu anayekula kiazi cha moto. Sekela alifika mwisho wa mashati yote, akabakiza pumzi ya kunicheka.

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Nipe Tukuyu."

"Nakupa Tukuyu na soko lake."

Nikamgusa paji la uso. Lilikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje. Nikatazama matundu ya pua, yametulia, hayapanuki. Nikamwambia alale, akakohoa. Nikamwambia akae, kikohozi kikaisha. Alale tena, akakohoa tena, akakunja uso.

"Kuna maji makali yanakuja kooni," akasema. "Kama limau bovu."

"Jana ulikula nini?"

"Kande."

Jana tulikuwa tumemtoa mtoto nje, majirani wakaja na vyungu vyao.

"Kande tu?"

"Na maziwa ya mgando."

"Ya kikombe kimoja?"

Akatazama dari. "Na cha mama. Na cha yule mama mnene. Alisema hamalizi."

Nikamgonga tumbo kwa vidole viwili, likaitika kama debe tupu. Nikamlaza, nikamkunja magoti mpaka kifuani, nikayabana polepole, nikayaachia, nikayabana. Mara ya tatu ikatoka sauti ndefu iliyomshangaza hata yeye.

"Samahani, Bibi."

"Usiombe samahani. Hiyo ndiyo habari njema ya leo."

Tulicheka mpaka kile kichanga kikaamka upande wa pili. Na nilipomuuliza panauma wapi, alijipapasa, akatafuta, akasema pamehama.

*

Nilitaka jaribio moja zaidi. Tumbo likijaa linaweza kulisukuma pafu kwa chini, mtoto akapumua haraka kama mgonjwa, na mgonjwa wa kweli anaweza kulalamika tumbo linauma. Lakini mlima haudanganyiki. Mpandishe mtu mlima, uone.

Tukatoka kwenda chemchemi, juu ya migomba. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaja yetu, tukawa kama tunavuka mto mweupe usio na maji. Migomba ilisimama ndani yake bila miguu. Mbele yangu niliona kichwa cha Sekela kikielea, kikiruka, maana alikuwa anapanda kwa mguu mmoja, akiimba wimbo wake wa kuku aliyepoteza viatu. Aliimba beti zote. Aliongeza za kwake.

Moyo wangu ukatulia. Tumbo, nikasema. Ni tumbo, hana kitu mtoto.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nimesimama.

Sikukumbuka kusimama. Mkono wangu ulikuwa umeshika mgomba, na mgomba ulikuwa unatikisika. Chemchemi haikuwa mbali, naijua njia ile tangu nikiwa bibi harusi, lakini ilikuwa kama mtu ameivuta kamba yake akaisogeza juu. Kifuani kulikuwa kunawaka. Kiungulia, nikajiambia, kama nilivyojiambia wiki zote zile. Nilikuwa na kipande cha magadi kwenye upindo wa kitenge, nikakitia mdomoni nikakinyonya. Kikayeyuka. Moto haukusogea.

"Bibi, kitendawili," sauti ya Sekela ikashuka kutoka juu.

Nilitaka kusema tega. Neno dogo hilo, silabi mbili. Lilitoka nusu, nusu nyingine ikangoja pumzi.

"Kinapiga filimbi na hakina mdomo," akasema.

Nikafikiria upepo. Nikafikiria birika. Nikatikisa kichwa.

"Chukua mji," nikasema. "Nakupa Mbeya."

"Nimekwenda Mbeya, nimekula chipsi, nimerudi." Akashuka akirukaruka mpaka mbele yangu, mashavu yake mekundu kwa baridi. "Ni kifua chako, Bibi. Ukilala kinapiga filimbi. Kila siku. Mimi nimezoea."

*

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni kwenye kigoda, nikiutazama moto. Sekela alikuwa uani akilianika blanketi lake juu ya kamba. Katikati ya ukungu ile bluu ilionekana kama dirisha lililofunguliwa hewani.

Nilianza kukusanya mambo niliyokuwa nimeyatawanya mwenyewe. Kiungulia huja ukishiba, changu kilikuja na tumbo tupu. Kiungulia hukuamsha ukilala na kutulia ukikaa, changu hakikujali nimekaa au nimelala, kilijali mlima. Kiungulia hukuachia uchachu mdomoni, mimi nilikuwa na ladha ya chuma. Jasho la usingizini nililiita uzee. Zile ndoto za maji nazo nilikuwa nimezipenda, nikazingoja kama mtu anavyongoja barua, kumbe ilikuwa homa.

Na blanketi langu je? Mbona halikusema?

Hilo nililijua kabla sijajiuliza. Blanketi langu lilikuwa chumba cha pili. Siku Atupele alipojifungua kulikuwa na baridi ya kugandisha mafuta, na mzazi kwetu hufunikwa mara mbili, hufunikwa na mama mkwe, kwa mkono wake. Nilichukua langu nikamfunika. Sikuona la kufikiria. Kila asubuhi jina langu lilionekana safi kule ofisini, maana kifua kilichokuwa chini ya jina langu kilikuwa kifua kichanga, kizima, cha mkwe wangu. Mimi nikaingia chini ya blanketi la Sekela, nalo likanisikiliza usiku baada ya usiku kabla ya kusema.

Wakati wa kutugawia walituambia, blanketi moja mtu mmoja. Tuliitikia wote, tukarudi nyumbani, tukalala kama tulivyokuwa tukilala.

Atupele akaingia na mtoto mgongoni. Macho yake yalikuwa yamevimba, alikuwa ameshaliona blanketi kwenye kamba.

"Mama," akasema. "Usiseme kifua."

"Sisemi. Nimempima. Ni kande na maziwa ya watu."

"Kweli?"

"Amepanda mpaka chemchemi kwa mguu mmoja. Kama ni kifua, basi anacho kizuri kuliko cha ng'ombe."

Alikaa chini palepale sakafuni, kama mtu aliyekatwa kamba. Alicheka, akafuta pua na kona ya khanga. "Sijui ningefanya nini bila wewe," akasema. "Mwanao Lusajo yuko huko Mbeya, harudi mpaka chai iishe kuchumwa. Bila wewe nyumba hii ingekuwa nini?"

Nilikuwa nimeona njia.

Ilikuwa njia iliyonyooka, tena safi. Ikupa, bibi wa afya, atakuja na kuniuliza juu ya Sekela. Nitasema tumbo. Na ni kweli tupu, ningeweza kuisema mbele ya madhabahu. Nikishasema kweli hiyo moja, hakuna atakayeniuliza nyingine. Jina langu ni safi. Nitajitengea kikombe. Nitalala jikoni, nitasema moto unanifaa mifupa. Nitageuza uso nikikohoa. Pengine ni homa ya msimu tu. Nitakuwepo Sekela atakapoanza shule, nitamwona kichanga akiota meno. Na sitapanda njia ile aliyopanda mume wangu kwa miguu yake mwenyewe, na kofia yake mpya kichwani, akinipungia mkono kama mtu anayekwenda sokoni.

Nilifurahia wazo hilo kwa muda. Lilikuwa na joto, kama jiko.

*

Ikupa alifika ukungu ulipokuwa unanyanyuka. Ni binti mrefu, mpole, nilimjua tangu akiwa na kamasi. Alipiga hodi nje ya ua, akasimama kwenye jua, akasubiri aitwe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Hawakulishi huko ofisini?"

"Wananilisha taarifa." Akamgeukia Sekela. "Na wewe ndiye mgonjwa?"

"Nilijamba," Sekela akasema.

"Hiyo nitaiandika."

Alimtazama mtoto kwa makini. Alimgonga mgongo, akaweka sikio mbavuni, akamwambia avute pumzi ndefu, aishike, aiachie. Alimuuliza anapokohoa, amelala au amesimama. Alimbonyeza tumbo mahali palepale nilipombonyeza mimi. Alinyanyuka, akalitazama blanketi kwenye kamba, akalishika uzi kwa uzi, uso wake ukiwa kama wa mtu anayesoma barua iliyoandikwa na watu wawili.

"Mtoto ninamwona mzima," akasema polepole. "Lakini blanketi hili halijachanganyikiwa. Ugonjwa wa bluu ya namna hii si wa jana wala juzi. Mimi sielewi, Bibi. Ningekuwa sina shahidi ningempandisha." Akanitolea pindo lenye jina. "Wewe ndiye uliyelala naye. Shahidi, tumbo au kifua?"

Niliweka kidole gumba. Nyuzi zilikuwa za uvuguvugu, zikanishika kidole kama mdomo wa ndama.

"Tumbo," nikasema.

Bluu ikaanza kuondoka. Ilishuka ilivyopanda, taratibu, ikiacha nyuma yake njano kama ya ndizi inayoanza kuiva, mpaka blanketi lote likawa la dhahabu pale kwenye kamba na ua wote ukang'aa kidogo. Uzi wa dirishani ukatulia. Ikupa alishusha pumzi. Atupele alifumba macho.

"Basi," Ikupa akasema. "Maji ya moto, tangawizi kidogo, na asiwamalizie watu maziwa. Nitakunywa chai kama ipo."

"Ipo," Atupele akasema, akiwa mwepesi kama msichana. "Ipo na viazi." Akafungua khanga mgongoni, akamzungusha mtoto mbele, akaninyooshea kwa mikono miwili. "Mama, mpakate mwenzio nikamimine chai."

Mtoto alikuwa macho. Alinitazama na kuufungua mdomo wake mdogo, akavuta hewa, jinsi wanavyofanya wanapotaka kupiga miayo, akaivuta yote iliyokuwa kati yangu na yeye.

Nikarudi nyuma. Nilijigonga kwenye kamba, blanketi likaniangukia begani.

"Usinipe," nikasema.

"Mama?"

"Usinipe mtoto. Mrudishe mgongoni. Kaa naye kule."

Nikalivuta blanketi lishuke, lakini lilikuwa limeshanishika. Niliiona ile dhahabu ikifa begani kwangu, na bluu ikiinuka kutoka kwenye ngozi yangu kama maji kutoka mchangani.

"Blanketi halikukosea, Ikupa," nikasema. "Lilimsikia mtu. Sekela amelala chini yake, na mimi nimelala chini yake. Jina ni lake, kifua ni changu."

*

Hakunikemea. Aliniambia nikae kwenye jua, mbali na mlango, naye akasimama upande upepo unakotoka.

"Linasikia kifua kinacholia zaidi," akasema, "kisha linatafuta jina la kukibandika. Waliolitengeneza walikuwa watu wa kulala mmoja mmoja. Hawakufikiria bibi."

"Wangeuliza."

"Wangeuliza," akakubali.

Alimfunika Sekela peke yake kwa muda. Njano. Alinifunika mimi peke yangu, kwa blanketi langu lililotolewa chumba cha pili. Sikutaka kutazama, nikawatazama wao, na nyuso zao zikageuka rangi ya bluu kwa mwanga wake. Sekela ataangaliwa, Ikupa akasema, kila asubuhi, na dirisha liwe wazi mchana kutwa, maana amekuwa akipumua pumzi zangu. Kwa sasa hana kitu. Kesho ni ya kesho.

"Wengi wanashuka siku hizi, Bibi. Dawa imebadilika."

"Babu yake huyu hakushuka."

"Najua. Siahidi."

Nilimpenda kwa kusema hivyo.

Kisha akafanya lililompasa. Mtu hawezi kuwa shahidi wa kifua chake mwenyewe, ndivyo tulivyopanga sisi wenyewe kwenye mkutano, nami nilinyoosha mkono kukubali. Nyumba yetu ilikuwa na mtu mzima mmoja tu mwingine. Ikupa akamgeukia Atupele, akamtolea pindo lenye jina langu.

"Shahidi, tumbo au kifua?"

Atupele alikuwa amesimama kwenye kona ya ua, mtoto mgongoni, mikono nyuma kama anayeogopa kuchomwa.

"Tumbo," akasema.

"Hujaweka kidole."

"Ni tumbo. Mama ana kiungulia, ana kiungulia tangu nimeolewa, ananyonya magadi kama pipi, mwulize mtu yeyote."

Pale ndipo niliposikia uzito wa ile njia yangu safi. Ilikuwa sasa imo kinywani mwa mtu mwingine, na ilikuwa na sura mbaya. Akiweka kidole akasema vile, bluu itashuka, Ikupa atakunywa chai aondoke, nami nitabaki. Sheria ni sheria. Na siku mtoto atakapoanza kuimega sentensi ambayo hajajifunza bado kuitamka, Atupele atakumbuka neno lake maisha yake yote.

"Atupele," nikasema. "Njoo usikilize."

"Sisikilizi."

"Njoo. Mtoto mwachie Ikupa."

Alimpa Ikupa mtoto, akaja, akapiga magoti nyuma yangu. Aliweka sikio mgongoni kwangu, juu ya kitenge. Nilivuta pumzi. Sikujizuia tena, niliiacha ilie inavyolia. Ilipiga filimbi, ikakwaruza, ikapiga filimbi. Nilihisi machozi yake yakipenya nguo, ya moto. Alisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nani atanisaidia?" akaniuliza mgongoni, kwa sauti ya mtu aliye ndani ya pango.

"Utachoka," nikasema. "Utamwita dada yako aje, atakuja akilalamika. Kande atazichoma. Mtakula."

Alinyanyuka. Alikwenda kwenye pindo, akaweka kidole gumba, na kwa mkono wake wa pili akaushika ule wa kwanza usiondoke.

"Kifua," akasema.

Hajawahi mkwe kunipa heshima kama ile.

*

Nilipanda kabla jua halijawa kali. Ikupa alibeba mzigo wangu, kitenge cha kubadili, sabuni, sweta la mume wangu. Aliniacha niende mwendo wangu. Nilipanda kidogo nikasimama, nikapanda nikasimama, na kila niliposimama ukungu ulisimama nami, mweupe, mwema, ukanizunguka miguu kama wajukuu. Kifua kilipowaka sikukiita kiungulia. Nilikiacha kiitwe jina lake.

Kwenye kona ya mwisho, pale nyumba yetu inapoonekana ndogo kama kiberiti, nilisikia miguu ikikimbia chini yangu. Sekela alikuwa amefika mwisho wa migomba, mahali alipoambiwa asipite. Hakupita. Alisimama hapohapo, akaweka mikono mdomoni.

"Bibi. Leo nilale upande gani wa kitanda chetu?"

Nilingoja pumzi ikusanyike yote, isikatike njiani.

"Katikati," nikamwambia.